Jinsi matrekta ya ngano yalivyobadili Mbulu na Hanang

MAPINDUZI ya viwanda yanapotajwa, fikra za wengi hukimbilia mabomba ya moshi, vinu vya nguo na treni za makaa ya mawe. Hiyo ni picha ya Uingereza ya karne ya 18 na ya 19. Katika nyanda za Basotu, magharibi ya Mlima Hanang mkoani Manyara, mashine iliingia kwa sura nyingine. Haikuja na bomba la moshi wala king'ora cha zamu. Ilikuja na plau, haro na kombaini, na kiwanda chenyewe kilikuwa shamba.

Yaliyofuata, hata hivyo, yanafanana kwa mengi na yaliyowapata Waingereza wa vijijini karne mbili kabla. Kati ya mwaka 1760 hivi na 1820, Bunge la Uingereza lilipitisha sheria nyingi za kuzungushia ua ardhi zilizokuwa malisho ya pamoja, na wengi waliokuwa wakichunga humo wakabaki bila pa kulishia. Hanang nako ardhi iliyotumiwa na wengi ilipimwa ikapewa mwenye mmoja. Njia za mifugo zilifungwa, kazi ikawa ya mshahara, na watu ambao babu zao wamezikwa katika ardhi hiyo walijikuta mahakamani wakitakiwa kuthibitisha kwamba wao ni wenyeji.

Mbulu moja iliyogawanyika

Wilaya ya Mbulu ya enzi za ukoloni ilikuwa kubwa kuliko inavyojulikana leo. Ndani yake zilikuwamo Hanang, Babati na Karatu za sasa. Hanang ilimegwa mwaka 1969 na makao yake yakawekwa Katesh, chini ya mlima. Babati ikatoka Hanang katikati ya miaka ya 1980, na Karatu ikatoka Mbulu katikati ya miaka ya 1990. Mkoa wa Manyara ulipoundwa mwaka 2002 kutokana na Mkoa wa Arusha, Mbulu, Hanang na Babati zilikwenda Manyara, ilhali Karatu ilibaki Arusha. Kwa hiyo kumbukumbu za zamani zinapoitaja "Mbulu", mara nyingi zinasimulia habari za mahali ambapo leo pana jina jingine.

Wakazi wakuu wa eneo hilo ni Wairaqw, ambao Waswahili wamezoea kuwaita Wambulu, na Wabarabaig, ambao ni tawi kubwa la Wadatoga. Majirani huwaita Wamang'ati, jina walilopewa na watu wengine na ambalo wengi wao hawalipendi. Kwenye bonde la Yaeda, upande wa Mbulu, wamo pia Wahadzabe, wawindaji na wachumaji wa asali na mizizi.

Kiini cha nchi ya Wairaqw ni Iraqw'ar Da'aw, eneo la vilima karibu na Kainam. Huko watu walilima kwa bidii katika nafasi ndogo: walitia samadi, walitengeneza matuta ya kuzuia maji yasichukue udongo, na ng'ombe walilala ndani ya nyumba pamoja na wenyewe. Tauni ya ng'ombe ya miaka ya 1890 ilipodhoofisha nguvu za Wamasai, Wairaqw walianza kushuka na kuenea kaskazini kuelekea Karatu na kusini kuelekea Hanang. Kazi kubwa za shamba zilifanywa na majirani kwa pamoja, na mwenye shamba aliwalipa kwa pombe na kwa kwenda shambani kwao zamu yao ilipofika.

Wabarabaig waliishi kwa ng'ombe. Walilima mahindi kidogo kidogo, lakini mali, mahari, fidia ya damu na heshima ya mtu vilihesabiwa kwa mifugo.

Matrekta ya kwanza

Wengi hudhani kwamba kilimo cha mashine kililetwa na serikali. Katika Mbulu ya kaskazini kilianza kabla ya serikali huru kuwapo. Walowezi wa Kizungu walikuwa na mashamba upande wa Oldeani, na Wairaqw waliokuwa jirani waliziona mashine zao zikifanya kazi. Baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, wakulima wa Karatu na Mbulumbulu waliingia katika kilimo cha ngano, na katika miaka ya 1950 na 1960 wapo walionunua matrekta yao wenyewe. Mtafiti Philip Raikes, aliyechunguza habari hiyo kwa kina na kuiandikia tasnifu mwaka 1975, aliona humo chanzo cha tabaka jipya la wakulima wa kibepari.

Trekta lilileta hesabu mpya. Mtu mwenye jembe la mkono alilima ekari mbili au tatu, na jembe halikumdai kitu likilala. Trekta lililonunuliwa kwa mkopo lilidai malipo hata siku lisipofanya kazi, na gharama zake hazikuweza kulipwa na ekari chache. Mwenye trekta alilazimika kutafuta ardhi zaidi. Aliweza kufungua pori, kukodi kwa jirani, au kulimia wengine kwa malipo ya kila ekari. Katika njia zote hizo ardhi ambayo jana haikuwa na bei ilianza kuwa na bei.

Mahusiano ya jirani na jirani yalibadilika pia. Mwenye mashine hakuwa tena na haja ya kuwaita watu kwa pombe, na asiye na mashine hakuwa tena na zamu ya kudai. Badala ya deni la jasho likaja deni la fedha. Ng'ombe, waliokuwa akiba ya ukoo na ambao Wairaqw walikuwa na desturi ya kukopeshana ili hasara isimwangukie mtu mmoja, walianza kuuzwa ili kulipia chuma. Wapo waliotajirika wakajenga nyumba za bati na kusomesha watoto mbali. Wapo pia ambao matrekta yao yaliishia kukaa juu ya mawe yakingoja vipuri.

Hata hivyo jambo moja linapaswa kuzingatiwa. Wakulima hao walikuwa wenyeji, waliwajua waliokuwa wakichunga kandokando yao, na ugomvi ulipotokea ulikuwa na wazee wa kuumaliza. Hali iliyokuja baadaye Hanang haikuwa hivyo.

Ngano ya taifa

Baada ya Azimio la Arusha mwaka 1967, vinu vikubwa vya kusaga nafaka vilitaifishwa, na mwaka 1968 likaundwa Shirika la Taifa la Usagishaji, lililojulikana zaidi kwa kifupisho cha NMC. Mwaka 1969 likafuata Shirika la Taifa la Kilimo na Chakula, NAFCO, kwa ajili ya mashamba makubwa. Miji ilikuwa ikikua, na mkate, chapati na maandazi vilikuwa vimekuwa chakula cha kawaida cha asubuhi. Kuagiza ngano nje kulihitaji fedha za kigeni, nazo zilikuwa haba. Serikali iliamua nchi ilime ngano yake yenyewe, na ilime kwa wingi.

Kanada, nchi inayofahamika kwa ngano, ilikubali kusaidia. Mpango wa Ngano wa Tanzania na Kanada ulianza mwaka 1970 na ulidumu hadi 1993. Ulianza kwa utafiti wa mbegu, kazi ambayo baadaye ilikuwa na makao Selian, nje kidogo ya mji wa Arusha, na ukaendelea kwa mashamba. Hadi kufikia katikati ya miaka ya 1980 mashamba saba yalikuwa yamefunguliwa Hanang: Basotu, Setchet, Mulbadaw, Murjanda, Gidagamowd, Gawal na Waret. Kila moja lilikuwa na ukubwa wa takriban ekari 10,000 za kulimwa, na ardhi yote iliyochukuliwa ilikadiriwa kufikia ekari 100,000, yaani karibu hekta 40,000.

Mahali hapo hapakuchaguliwa kwa bahati. Nyanda za Basotu ziko juu, zina ubaridi ngano iupendao, ni tambarare kiasi cha trekta kwenda mwendo mrefu bila kugeuka, na udongo wake una rutuba. Isitoshe, kwa macho ya mgeni zilionekana hazina watu. Aliyepita wakati wa kiangazi aliona nyasi na upeo wa macho, na nyumba moja moja kwa mbali.

Inafaa kukumbuka kwamba nyanda za Kanada zenyewe zilionekana hivyo hivyo. Mkataba wa Sita wa mwaka 1876, kati ya Taji la Uingereza na Wakrii na mataifa mengine ya wenyeji, ulifungua sehemu kubwa ya Saskatchewan na Alberta za leo kwa walowezi, wakati ambapo nyati waliowalisha wenyeji hao walikuwa wakitoweka. Ngano ikapandwa baadaye. Wataalamu waliokuja Basotu karne moja baada ya hapo walileta mashine na maarifa kutoka katika nchi iliyokwisha kupitia jambo hilo hilo, ingawa hakuna dalili kwamba ulinganisho huo uliwasumbua sana.

Kilimo chenyewe kilikuwa cha kisasa kwa kila kipimo cha wakati ule. Matrekta makubwa yaliyotoka ng'ambo yaliburuta majembe mapana, dawa ya magugu ilichukua nafasi ya palizi, na kombaini zilivuna na kupura kwa mkupuo mmoja. Watafiti walitoa mbegu zilizozoea nchi, baadhi zikiitwa kwa majina ya ndege, kama Mbayuwayu. Watanzania wengi walipelekwa Kanada kusomea kilimo, ufundi na uendeshaji, na walirudi kushika mashamba hayo. Sehemu kubwa ya ngano iliyolimwa nchini katika miaka ya 1980 ilitoka Hanang, na waliousifu mpango huo walikuwa na cha kuonyesha.

Waliouhoji nao hawakukosa hoja. Shamba la namna hiyo linaendeshwa kwa dizeli, vipuri na dawa, na karibu vyote hivyo vilitoka nje. Baada ya vita vya Kagera vya 1978 na 1979 na kupanda kwa bei ya mafuta, nchi ilikosa fedha za kigeni hata za mahitaji ya kila siku. Ngano iliyolimwa ili kuokoa fedha za kigeni ikawa nayo inazitafuna. Aidha, shamba lenye mashine nyingi lina kazi chache. Ekari elfu kumi zilihitaji madereva, mafundi, walinzi, makarani na vibarua wa msimu, na nafasi za ufundi zilikwenda kwa waliosoma, ambao wengi walitoka nje ya jamii ya Wabarabaig.

Muhajega

Charles Lane, mtafiti aliyekaa na Wabarabaig mwishoni mwa miaka ya 1980 na kuchapisha kitabu kuhusu ardhi yao mwaka 1996, alieleza jinsi walivyoigawa nchi yao kwa aina za malisho. Kuna malisho ya milimani, ya vichakani, ya kandokando ya maziwa, ya mabondeni kwenye majimaji, na kadhalika. Kila aina ina majira yake. Ng'ombe hawakai mahali pamoja. Huhamishwa kwa kufuata mvua, maji na chumvi, na malisho yaliyoachwa hupumzika hadi zamu yake irudi.

Aina iliyothaminiwa kuliko zote kwa wakati wa mvua ilikuwa ile waliyoiita muhajega, yaani nyanda za juu zenye udongo mzuri, zinazotoa nyasi tamu kwa muda mfupi wa mwaka. Hapo ndipo mashamba ya ngano yalipowekwa. Wabarabaig walipoondoka kiangazi kuacha nyasi zipumzike, waliopima ardhi waliandika kwamba haitumiki.

Kwa hesabu ya karatasi, mashamba saba yalichukua sehemu ndogo tu ya wilaya. Kwa hesabu ya mfugaji, kilichoondolewa ni kiungo kimoja cha mzunguko, na mzunguko usio na kiungo hauzunguki. Mifugo iliyokuwa ikienda muhajega wakati wa mvua ilibaki katika malisho mengine ambayo yangepaswa kupumzika, na hayo yakachakaa kabla ya kiangazi kufika. Kwenye mashamba yenyewe, udongo uliolimwa kila mwaka na kuachwa mtupu ulianza kukatwa na maji. Makorongo yalitokea, na tope likateremka kuelekea Ziwa Basotu.

Kulikuwa na jambo jingine ambalo hakuna fidia iliyoweza kulipimia. Mzee mwenye heshima anapofariki, Wabarabaig humfanyia bung'ed, mazishi ya miezi kadhaa yanayokusanya koo kutoka mbali. Juu ya kaburi hujengwa kichuguu kirefu cha udongo na miti, na mahali hapo hubaki pa kurudiwa kwa maombi. Baadhi ya makaburi hayo yalikuwa ndani ya mipaka ya mashamba, na trekta likayapitia.

Unga, maziwa na njia

Mabadiliko makubwa ya maisha ya kila siku hayakuandikwa sana, kwa sababu mengi yalitokea jikoni na njiani.

Mwanamke wa Kiiraqw au wa Kibarabaig wa kizazi cha kabla alisaga nafaka kwa mkono juu ya jiwe, kazi iliyochukua saa nyingi za kila siku. Mashine za kusaga za dizeli zilipoenea vijijini na katika miji midogo, saa hizo zilirudi kwake. Lakini kusaga sasa kulitaka sarafu mkononi, na kwenda mashineni kulitaka safari, wakati mwingine ya kilomita nyingi na mzigo wa mahindi kichwani au juu ya punda. Foleni ya mashineni ikawa mahali pa habari, na siku ya mnada nayo ikawa siku ya kusaga. Kati ya mashine zote, hiyo ndogo ndiyo ambayo wanawake hawakuipinga popote.

Kuhusu maziwa, mambo yalikwenda upande mwingine. Katika boma la Kibarabaig maziwa yako chini ya mamlaka ya mwanamke. Ndiye anayeyagawa, na ndiye anayejua nani amelala bila kunywa. Wanawake hao hata wana baraza lao lenye uwezo wa kumtoza faini mwanaume aliyewakosea. Ng'ombe walipopungua na malisho yalipokuwa mbali, maziwa yalipungua, na pengo likajazwa na ugali wa mahindi ya kununua. Fedha za kununulia zilitokana na kuuza ng'ombe, na kuuza ng'ombe ni kazi ya wanaume.

Njia nazo zilikatika. Mapito yaliyotumiwa kufika majini, kwenye magadi ya Ziwa Balangida au kwa shemeji upande wa pili yalikuta mpaka wa shamba. Kuzunguka ekari elfu kumi kwa mguu, ukiwa na mifugo yenye kiu, si jambo dogo. Aliyekatisha alikamatwa kwa kuingia bila ruhusa, alitozwa faini au kufikishwa mahakamani, na mara nyingine mifugo yake ilishikiliwa. Katika lugha ya uendeshaji wa mashamba, mtu aliyekuwa akienda alikokwenda baba yake aliitwa mvamizi.

Yalitokea haya wakati operesheni ya vijiji ya miaka ya 1974 hadi 1976 ikiwa imekwisha kuwakusanya wengi mahali pamoja. Kwa hiyo familia zilisukumwa na nguvu mbili kwa wakati mmoja, mojawapo ikizitaka zikae na nyingine ikiziondolea pa kukaa. Wengi walihama. Wabarabaig wanapatikana leo Singida, Morogoro, Iringa, Mbeya na hadi pwani ya kusini, ambako mara nyingi wanapokewa kama wageni wenye mifugo mingi na wasiojulikana walikotoka. Baadhi yao walikuwa miongoni mwa wafugaji walioondolewa katika bonde la Usangu mwaka 2006 na 2007.

Kwa upande wa biashara, Katesh na Basotu zilipata maduka, gereji na nyumba za wageni. Mshahara wa mwisho wa mwezi ulizunguka. Mtoto wa Kiiraqw aliyejifunza umakanika kwenye karakana ya shamba aliweza baadaye kufungua karakana yake, na ufundi huo ni faida ya mpango wa ngano inayotajwa kwa nadra.

Kesi za ardhi

Mwaka 1981 Halmashauri ya Kijiji cha Mulbadaw na wanakijiji 67 waliishtaki NAFCO katika Mahakama Kuu, Arusha, wakidai kwamba shirika liliingia katika ardhi yao ya zaidi ya ekari 8,000 kinyume cha sheria. Walishinda, wakapewa fidia. NAFCO ilikata rufaa, na mwaka 1985 Mahakama ya Rufani ikatengua ushindi huo.

Sababu zake zinaeleza mengi. Kijiji, ilisema mahakama, hakikuthibitisha kwamba kiligawiwa ardhi hiyo na mamlaka ya wilaya, na kuandikishwa kuwa kijiji hakumaanishi kumiliki ardhi. Wanakijiji mmoja mmoja nao walidai kwa haki ya kimila, ambayo chini ya Sheria ya Ardhi ya mwaka 1923, iliyotungwa na Waingereza, ilikuwa ya "mwenyeji" pekee. Wadai hawakuwa wameleta ushahidi wa kutosha kwamba wao ni wenyeji kwa maana ya sheria hiyo. Miaka zaidi ya 20 baada ya Uhuru, Mbarabaig wa Hanang alishindwa kwa kutothibitisha kwamba ni mwenyeji wa Hanang.

Mwaka 1987 serikali ilitoa amri ya kufuta haki za ardhi za kimila katika vijiji kadhaa vya Mkoa wa Arusha wa wakati ule, na mwaka 1989 ikafuata amri nyingine iliyoyahusu mashamba ya ngano. Kesi nyingine, iliyofunguliwa mwaka 1988 na Yoke Gwaku na wenzake kuhusu shamba la Gawal, ilijikuta ikipigania haki ambayo amri zilikuwa zikiifuta huku shauri likiendelea. Wazee wa Kibarabaig waliandika barua ya wazi kwa wananchi wa Kanada, na jambo hilo likajadiliwa huko kuliko lilivyojadiliwa Dar es Salaam.

Mwaka 1993, mwaka ambao Kanada ilijiondoa, iliundwa tume chini ya Jaji Robert Kisanga wa Mahakama ya Rufani kuchunguza malalamiko ya ukiukaji wa haki za binadamu katika mashamba hayo. Malalamiko yalihusu vipigo, kuchomewa nyumba, kukamatwa kwa mifugo na kuvurugwa kwa makaburi. Jaji huyo ndiye baadaye aliyekuwa mwenyekiti wa kwanza wa Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora.

Kabla ya hapo, Tume ya Rais ya Uchunguzi wa Masuala ya Ardhi chini ya Profesa Issa Shivji, iliyoteuliwa mwaka 1991, ilikuwa imezunguka nchi ikisikiliza migogoro ya namna hiyo. Kisha, Desemba 1994, likatoka jibu la kisheria kutoka Mbulu yenyewe. Mzee Lohay Akonaay, Mwiraqw wa Kambi ya Simba katika Mbulumbulu, alikuwa amefungua pori mwaka 1943, akanyang'anywa shamba wakati wa operesheni ya vijiji, akalirudisha kwa amri ya mahakama. Mwaka 1992 Bunge lilitunga sheria iliyofuta haki za kimila za watu kama yeye na kuzuia kesi zao. Alikwenda mahakamani pamoja na mwanawe. Jaji Mkuu Francis Nyalali, akitoa hukumu ya Mahakama ya Rufani, alisema kwamba haki ya kimila juu ya ardhi ni mali inayolindwa na Katiba na haiwezi kuchukuliwa bila fidia ya haki. Vifungu kadhaa vya sheria hiyo vilibatilishwa.

Hukumu hiyo haikuwarudishia Wabarabaig muhajega. Lakini Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, iliyoanza kutumika mwaka 2001, ilitamka kwamba haki miliki ya kimila ina hadhi sawa na ile ya hati ya serikali.

Baada ya NAFCO

Msaada wa Kanada ulipokoma, mashamba yalibaki na mashine zilizochakaa, madeni na soko lililokwisha kufunguliwa kwa ngano ya bei nafuu kutoka nje. NMC ilikuwa imepoteza ukiritimba wake, na vinu vyake vikauzwa kwa watu binafsi. Katika miaka ya 2000 zamu ya mashamba ya Hanang iliwadia katika ubinafsishaji wa mashirika ya umma. Sehemu yake ilirudishwa kwa wanavijiji, na sehemu ikaenda kwa wawekezaji. Kurudishiwa nako kulizua maswali yake, kwani waliokuwepo kupokea hawakuwa wote waliokuwepo wakati wa kunyang'anywa, na ardhi iliyotoka kama malisho ilirudi ikiwa imekwisha kuwa mashamba.

Leo sehemu kubwa ya ngano inayoliwa Tanzania bado inaagizwa kutoka nje. Katika Hanang ngano, mahindi, maharage, mbaazi na alizeti vinalimwa na wakulima wadogo na wa kati, Wabarabaig wakiwamo, na trekta limerudi katika mtindo wa Karatu ya miaka ya 1950, ambapo mwenye nalo huzunguka akiwalimia wengine kwa malipo ya ekari. Barabara ya lami kati ya Babati na Singida, iliyokamilishwa mwanzoni mwa miaka ya 2010, imeifanya Katesh kuwa mji wa malori.

Upande wa Mbulu, mwaka 2011, Wahadzabe wa bonde la Yaeda walipewa hati ya haki miliki ya kimila kwa ajili ya jamii nzima, juu ya zaidi ya hekta 20,000 za ardhi wanayowindia na kuchumia. Hati hiyo haina jina la mtu mmoja, na eneo lenyewe limepimwa na kuwekewa mipaka kwenye ramani.